Tani tatu juu ya kichanga: kisa cha mwalimu, IST na jeki aliyokaribia kununua

Mwalimu mmoja wa sekondari anayeishi Mbezi, Dar es Salaam, ana Toyota IST ya mwaka 2004 na ameamua kazi ndogondogo za gari atazifanya mwenyewe nyumbani. Orodha yake ni ya kawaida: kumwaga oili na kubadilisha filta, breki pedi za mbele, na linki za stabilaiza (vifimbo vya chini ya gari vinavyoshika fimbo ya kupunguza kulala upande) ambazo zilishaanza kugonga kila gari likipanda tuta. Spana anazo. Jeki hana. Ile ya mkasi iliyotakiwa kuwa kwenye buti haikumfikia, kama ilivyo kwa magari mengi yanayotoka Japani. Ujumbe alionitumia ulikuwa mfupi: "Kaka, nichukue jeki ya tani ngapi?"

Kila mtu huanza na swali hilo, na wauzaji wanalijua, ndiyo maana tani huandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote. Kwa mwalimu, tani ndiyo ilikuwa namba isiyo na kazi kubwa. Ununuzi wake uliamuliwa na ardhi ya uwanja wake na urefu kwa sentimita.

Tumalizane kwanza na uzito. IST tupu ina kama tani moja. Injini na gia viko mbele, buti halina kitu, kwa hiyo mbele kunabeba takriban asilimia 60, yaani kilo 600 hivi. Akiinua mbele yote kwa pamoja, jeki inabeba kilo hizo 600. Akiishusha juu ya stendi mbili, yaani vyuma vya miguu vinavyoshikilia gari likishainuliwa, kila stendi inabaki na kama kilo 300. Hata jeki ya tani moja na nusu inamtosha na chenji inabaki. Kama tani zingekuwa ndiyo habari yote, uchambuzi ungeishia hapa.

Uwanja wenyewe

Nusu ya uwanja wake imewekwa pevingi, na fundi aliipa mteremko kuelekea getini ili maji ya mvua yatoke. Nusu nyingine, chini ya mwembe, ni kichanga kitupu. Mwalimu alitaka kufanyia kazi chini ya mwembe kwa sababu ya kivuli. Nani asiyependa kivuli saa sita mchana Dar?

Shida ni namna jeki ya troli, ile ya magurudumu yenye mkono mrefu, inavyopanda. Mkono wake umefungwa nyuma kwenye ekseli moja, kwa hiyo kikombe, ile sehemu ya mbele inayogusa gari, hakiendi juu wima. Kinachora tao, na kadiri kinavyopanda kinarudi nyuma kumfuata anayepampu. Gari haliwezi kurudi nalo, maana umeliwekea kabari na umevuta handibreki. Inayotakiwa kusogea ni jeki: inajivuta yenyewe chini ya gari kwa magurudumu yake madogo ya chuma, sentimita chache tu. Kwenye zege hutaona hata ikisogea. Kwenye kichanga magurudumu yanazama, jeki inagoma, na kikombe ndicho kinachoanza kuteleza kwenye chuma cha gari. Ukiona jeki imeinua pua au inalalia upande mmoja, maana yake hilo limeshaanza.

Stendi kwenye kichanga ni mbaya zaidi. Miguu yake ni bati lililokunjwa au chuma cha pembe, na kinachogusa ardhi ni ukingo mwembamba. Weka kilo 300 juu ya miguu minne ya namna hiyo na utaona mmoja unazama kabla ya mingine. Stendi haihitaji kukatika ili ikuue, kulala upande kunatosha.

Basi mwembe tukauacha. Pevingi nayo ina mambo yake: kila tofali limekaa juu ya mchanga peke yake, na likibanwa sehemu moja linacheza. Dawa yake ni kipande cha marine bodi kipana, kile cha kufungia zege, kimoja chini ya jeki na kimoja chini ya kila stendi, ili uzito ugawanyike kwenye matofali mengi. Mteremko ulibaki, ila karibu na ukuta wa nyumba kulikuwa na sehemu iliyokaribia usawa. Gari likageuzwa likae sambamba na ukuta, si kuelekea getini. Mabadiliko haya hayakugharimu chochote na yana uzito kuliko tofauti ya jeki ya tani mbili na ya tatu.

Sentimita

Alichokuwa amekiona dukani na kukipenda ni seti: jeki ndogo ya troli ya tani mbili ndani ya sanduku la plastiki lenye mpini, pamoja na stendi mbili. Nyepesi, bei nzuri, inaingia kwenye buti. Kwa kubadilisha tairi njiani haina ubaya wowote. Nilimwomba apige picha ya upande wa boksi wenye vipimo. Jeki ilikuwa inaanzia sentimita 13 na kuishia 33. Stendi zinaanzia 28 na kuishia karibu 42.

Ukizisoma haraka utaona zinakwenda pamoja, maana 33 ni zaidi ya 28. Sasa chukua futi kamba uende kwenye gari. Ukingo wa bati chini ya mlango, pale penye alama mbili zilizokatwa ambapo Toyota imekusudia gari lishikwe, ulikuwa kama sentimita 20 kutoka ardhini. Mwalimu ana mwili. Ili alale chini na mikono yake ifike kwenye filta bila pua kugusa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, alihitaji ukingo huo ufike 40 au karibu na hapo.

Stendi zinakaa kwenye ukingo, kwa hiyo jeki inabidi ishike pengine. Kwa kazi ya pande mbili, sehemu yake ni katikati mbele, kwenye chuma kinene kinachokatiza chini ya injini, si kwenye sampo na si kwenye bomba lolote. Hapo jeki inaanza kama sentimita 18 kutoka ardhini. Ikifika mwisho wake wa 33, imeinua 15. Lakini gari linazungukia kwenye matairi ya nyuma, na ukingo uko nyuma kidogo ya ekseli ya mbele. Umbali kati ya ekseli za IST ni mita 2.37, na alama za ukingo ziko karibu mita 1.9 kutoka ekseli ya nyuma. Kwa hiyo mbele ikipanda 15, ukingo unapanda kama 12 tu. Ishirini na kumi na mbili ni 32. Stendi, ambayo urefu wake hupangwa kwa meno, itaingia kwenye jino la kwanza, pengine la pili, na hapo ndipo mwisho. Stendi yenye uwezo wa 42 itabaki chini maisha yake yote kwa sababu jeki haiwezi kuifikisha juu.

Watu wengi wakifika hapo huongeza kitu: tofali juu ya kikombe, kipande cha mbao, wakati mwingine vyote viwili. Mbao ngumu moja iliyokaa vizuri nitaielewa. Tofali la saruji sitalielewa kamwe, si juu ya jeki wala mahali pa stendi. Saruji hubeba mzigo vizuri mpaka dakika inapopasuka, na haikunji wala kulia kabla ya hapo.

Hesabu ileile ukiipiga kwa kurudi nyuma inakupa jeki ya kununua. Ukingo unatakiwa upande 20, kwa hiyo mbele inatakiwa ipande 25. Kumi na nane na ishirini na tano ni 43, ongeza kidogo ya kuingizia stendi kwa nafasi. Jeki isiyofika 45 haimfai mwalimu, hata iandikwe tani kumi. Jeki za troli zinazofika 45 hadi 50 huwa ndefu, nyingi ni za tani mbili na nusu au tatu, na zina kilo 30 au zaidi. Ndivyo mwalimu alivyoishia na tani tatu. Alizichukua kwa sababu ya urefu wa mkono na upana wa miguu.

Kwenye stendi, kutafuta tani nyingi kungemharibia kabisa. Za tani sita huanzia karibu sentimita 38 hadi 40. Angezinunua kwa nia ya usalama, kisha ashindwe kuziingiza, kisha aanze kutafuta matofali.

Jeki ya chupa, ile fupi inayosimama wima, niliikataa bila maneno mengi. Ina nguvu, na madereva wa malori wana haki ya kuipenda, lakini chini ya IST inaingia kwa shida, kichwa chake ni kidogo na kitako chake ni kidogo pia.

Fundi wa kuchomelea na kiwanda cha Marekani

Mwalimu alikuwa na wazo jingine: jeki anunue, stendi achomelewe na mafundi wa eneo la Gerezani, Dar, kwa bomba la inchi mbili na chuma cha pembe. Fundi alishampa bei, na ilikuwa nafuu. Sina ugomvi na mafundi wa Gerezani, nusu ya mageti ya mji huu ni kazi ya mikono yao. Ila geti likiachia weldi linaning'inia kwenye bawaba na watu wanacheka. Weldi ya stendi unaiamini kwa kuitazama kwa nje tu, na kinachojalisha ni namna ilivyoingia ndani ya chuma.

Asidhani mtu kwamba cha kiwandani kinamaliza mjadala. Machi 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliita zirudishwe stendi zake za jina la Pittsburgh, za tani 3 na tani 6, zaidi ya milioni 1.7. Vifaa vya kutengenezea kiwandani vilikuwa vimechakaa, vipimo vikaanza kupishana, na kwenye baadhi ya stendi ule ulimi wa chuma unaoshika meno haukuwa unaingia vya kutosha. Stendi ikisukumwa ikiwa na mzigo, ulimi ungeweza kuachia na mhimili, ile nguzo ya kati yenye meno inayobeba gari, ukashuka ghafla. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, stendi za tani 3 walizokuwa wanawapa watu badala ya zile nazo zikaitwa, safari hii kwa kasoro za weldi.

Nilichokitoa kwenye kisa kile kwa ajili ya mwalimu ni kigezo kimoja: achukue stendi ambayo ubovu wake unaonekana kwa macho. Kwenye stendi ya meno, pandisha mhimili, uachie ulimi ushike, kisha chungulia kwa tochi. Ulimi unatakiwa uzame hadi kwenye kitako cha jino, kwenye kila jino, na mpini wake ushuke wote. Ukiuona umekaa kwenye ncha ya jino, rudisha rafuni. Stendi ya pini ni rahisi zaidi kukagua: pini nene imepita upande huu ikatokea upande ule, basi. Ubaya wake ni kwamba hatua zake ni kubwa, na pini ikipotea mtu anachomeka nondo au bolti yoyote iliyo karibu.

Siku hizi zipo pia stendi za meno zenye tundu la pini ya ziada chini ya ulimi, ili ulimi ukiachia pini ishike. Hizo ndizo alizozitafuta. Kingine cha kusoma kwenye kibandiko ni kama uwezo ulioandikwa ni wa stendi moja au wa jozi. Viwanda havifanani, na "tani 3" ya jozi ni tani moja na nusu kwa kila stendi. Kwake bado inazidi mara tano, lakini mwenye Prado asome mara mbili.

Kariakoo

Muuzaji aliitoa jeki kwenye boksi, akaipampu hewani mara chache, ikapanda kwa raha. "Mwalimu, hii ni mashine. Hata Fuso inanyanyua." Kuipampu ikiwa tupu hakuonyeshi chochote, maana jeki mbovu nayo hupanda vizuri ikiwa haina mzigo. Mbele ya duka kulikuwa na Hiace inayoshusha mzigo wa duka la jirani. Mwalimu, kwa adabu yake yote ya ualimu, akaomba jeki ijaribiwe pale. Muuzaji akaguna, dereva akakubali kwa soda.

Waliinua upande mmoja hadi tairi likaachana na lami kidogo, bila mtu kuingia chini na bila kugusa nati. Mwalimu akaweka futi kamba kando ya kikombe, akasoma, kisha wakaiacha huku wakibishana bei. Baada ya kama robo saa akasoma tena. Ya kwanza ilikuwa imeshuka zaidi ya sentimita moja, na kwenye fimbo inayosukuma mkono kulikuwa na mstari mwembamba wa oili unaong'aa. Ya pili ya aina ileile haikusogea kwa kiasi ambacho futi kamba ingekiona.

Hiyo ya kwanza haikuwa feki. Ndani ya jeki oili inasukumwa na pistoni ndogo kwenda kwenye pistoni kubwa, na kinachoizuia isirudi ni kigololi kidogo cha chuma kilichokaa kwenye tundu lake, pamoja na mipira ya kuzibia. Uchafu wa kiwandani kidogo chini ya kigololi, au mpira uliokunjwa wakati wa kufunga, na presha inaanza kuvuja. Jeki isiyo na kasoro nayo itafika huko siku moja, mipira ikizeeka. Ndiyo maana hata jeki ya bei mbaya kabisa haiachiwi gari wakati mtu yuko chini. Kazi yake ni kuinua, kushikilia ni kazi ya stendi.

Bajaji ikaibeba hadi Mbezi. Dereva aliongeza nauli alipoiona.

Kuinua kwa mara ya kwanza

Kabari mbili nyuma ya matairi ya nyuma na mbili mbele yake. Handibreki ya IST inashika nyuma, kwa hiyo mbele ikipanda inaendelea kufanya kazi. Gia kwenye P inashika matairi ya mbele, na yakiwa hewani haishiki chochote cha maana. Siku atakayoinua nyuma mambo yatageuka: handibreki itakuwa inashika magurudumu yanayoelea, na kabari lazima zihamie mbele. Nimeona watu wazima, wenye gereji zao, wakilisahau hilo.

Kwenye vichwa vya stendi tuliweka vipande vya tairi la lori, vilevile wanavyotumia washonaji wa katambuga, vikiwa vimechanwa mfereji katikati ili ukingo wa bati uzame humo. Chuma kwa chuma kinateleza, na tena kinaukunja ukingo, kisha rangi inapasuka na kutu inaingia. Hapa pwani kutu haisubiri kualikwa.

Akalegeza nati za matairi gari likiwa bado chini, akapampu, akaingiza stendi zote mbili kwenye jino la urefu uleule, akachomeka pini, kisha akafungua vali ya kushushia taratibu, robo ya mzunguko kwa wakati. Gari lilipokaa akasimama ubavuni akalisukuma kwa mikono miwili kwenye bawa la mbele, kwa nguvu, huku na huku. Stendi ya kushoto ilitikisika. Mguu wake mmoja ulikuwa umekaa kwenye ukingo wa marine bodi. Akainua tena, akaisogeza, akarudia. Ni heri iteleze ukiwa umesimama nje kuliko ukiwa umelala na spana mkononi.

Matairi aliyoyatoa aliyalaza chini ya gari, moja kila upande, nyuma ya stendi. Jeki akairudisha katikati ikagusa tu bila kubeba.

Linki za stabilaiza zilitoka kwa urahisi kuliko alivyotarajia, na sababu ni kwamba magurudumu yote mawili yalikuwa yananing'inia sawa. Ukiinua upande mmoja tu, ile fimbo ya stabilaiza inajikunja, linki inabaki imevutwa, na bolti inagoma kutoka hata nati ikishafunguka. Mafundi wengi hupiga nyundo hapo. Ni kazi ambayo jozi ya stendi inailipa siku ileile.

Jambo moja tu kwenye mipango yake lilibaki nje. Alitaka pia kubadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki akiwa chini ya gari. Kuimwaga angeweza. Kipimo chake lakini kinasomwa gari likiwa limekaa usawa, injini ikiwa imewashwa na oili ina joto, na IST iliyoinuliwa mbele inasoma uongo. Ili alale chini gari likiwa limenyooka angehitaji jozi ya pili ya stendi na nyuma kuinuliwa pia, kwenye uwanja wenye mteremko, kwa kazi ya mara moja kwa miaka kadhaa. Hiyo atampelekea fundi mwenye shimo.